Mwaka Krismasi Ilipowahi Marui

Mtu wa Marui akifika harusini siku moja kabla ya harusi, wenzake humwambia anatumia kalenda ya Mzee Mwinyimadi. Wanaocheka ni wengi, wanaokijua kisa chenyewe ni wachache, na katika hao wachache wengine wanakisimulia kombo makusudi. Mimi nitakisimulia kwa kumfuata Saburi, maana yeye ndiye aliyeumia, na kicheko cha mwisho kilikuwa chake.

Saburi binti Salumu alizaliwa hapo hapo Marui wakati wa vita vya kwanza, Wajerumani walipokuwa wakikimbizwa nchini. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa miguu, mwenye sauti kubwa kuliko umbo lake. Aliwekwa ndani mwali kama mabinti wote wa Kizaramo, akatoka, akachezwa ngoma, na mwaka ule ule mama yake akaugua ugonjwa mrefu. Kina mama wanne wa kanisani, ambao hawakuwa hata ndugu, walikuja kila siku kuteka maji na kutwanga mihogo ya mgonjwa, na walipotwanga waliimba. Wahubiri hawakumpata Saburi kwa mahubiri. Waliompata ni wale kina mama, kwa kelele zao za kinuni. Mama alipofariki, binti akamwendea baba yake na kumwambia anataka kubatizwa. Mzee Salumu, Mwislamu wa kuzaliwa na kuzikwa, akasema, "Ukisali, sali kweli. Sitaki mtoto wa kudokoa." Mambo yakaisha hivyo.

Alipewa jina la ubatizo, lakini jina hilo lilikaa kwenye kitabu cha mchungaji. Nyumbani Wakristo wote wa Marui waliendelea kuitwa majina waliyozaliwa nayo, na kama ungeuliza jina la kanisani la mtu ungeambiwa usubiri wakaulize.

Mumewe, Mfaume, alikuwa mpishi wa mchungaji Mjerumani kwenye kituo kikuu cha misheni, mwendo wa nusu siku kwa miguu. Alirudi nyumbani kila Jumamosi akinuka vitunguu. Kuimba alipenda kupita kiasi, ila sauti haikumpenda yeye. Siku ya Krismasi alikuwa akisimama kanisani na kuuanza wimbo wa kuzaliwa kwa Bwana, beti saba, na ulipofika ubeti wa pili alikuwa ameshapotea njia, Saburi akalazimika kumrudisha kwa sauti yake kutoka upande wa wanawake. Watu walizoea. Wengine walikiri kwamba walikuja Krismasi kusikiliza hilo.

Krismasi ya mwaka 1939 waliimba hivyo, na vita vipya vilikuwa vimekwisha kuanza Ulaya. Mwezi wa tano uliofuata, serikali ya Mwingereza ikawakusanya wamisionari Wajerumani na kuwapeleka kizuizini. Askari waliokuja walibeba kila karatasi yenye maandishi ya Kijerumani, wasije wakaacha siri ya vita. Walibeba barua, vitabu vya dawa, karatasi za kufungia mbegu, na kutoka kwenye kikanisa cha Marui walibeba kalenda ya ukutani, yenye picha ya ng'ombe wa Ulaya. Mwalimu Hemedi, aliyekuwa akiongoza ibada Marui, akaitwa kituo kikuu kushika kazi ya mchungaji. Akawa na vikanisa kumi na kimoja vya kuvizungukia kwa miguu. Marui wakabaki Wakristo kumi na saba, watoto wakiwamo, na ufunguo wa kanisa akaachiwa Saburi.

Naye Mfaume akabaki na mwiko mkononi bila wa kumpikia. Mwezi wa sita akaandikwa Keya, jeshi la Mwingereza, kwa kazi ile ile ya jikoni.

Siku ya kuondoka, Saburi alimsindikiza hadi bomani Kisarawe, na binti yao Tatu mgongoni ingawa alikuwa ameshakuwa mkubwa wa kutembea. Lori lilikuwa linanguruma. Mfaume hakuwa mtu wa maneno mazito, kwa hiyo alipoanza kuyasema Saburi aliogopa.

"Mama Tatu," alisema, "huko niendako sijui barua zitafikaje. Tuwekeane ahadi. Siku ya Krismasi, jua likichomoza, nitauimba wimbo wetu popote nitakapokuwa. Nawe imba hapa. Saa hiyo ujue niko hai na tuko pamoja mbele ya Mungu."

"Beti zote saba?"

"Zote saba."

"Basi usipotee kwenye wa pili," alisema Saburi, na wote wawili wakacheka, na lori likaondoka.

Barua moja ilikuja mwezi wa nane. Baada ya hapo, kimya. Mwezi wa kumi Mwanamkuu, jirani wa ng'ambo ya bonde, aliitwa bomani akaambiwa mumewe hatarudi. Saburi alikwenda kulia naye siku tatu. Aliporudi nyumbani hakuweza kula. Alilima, alipika, alimchana Tatu nywele, lakini kila alipoona mtu anakuja kwa njia ya Kisarawe moyo ulimpasuka. Usiniulize alijikazaje. Alijikaza kwa Krismasi. Aliamini kabisa kwamba akiimba asubuhi ile atajua kama mumewe yu hai. Alijiambia: nikifika siku hiyo, nitapona.

Sasa, siku hiyo ni lini? Jumapili hazikuwa taabu, maana majirani Waislamu walikuwa na Ijumaa yao, unahesabu mbili unafika. Lakini tarehe za Kizungu zilikuwa zimeondoka na yule ng'ombe wa ukutani. Saburi akamwendea mzee wa kanisa, Mzee Mwinyimadi, aliyekuwa anasuka ukili barazani kwake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo babu. Nimekuja kuuliza Krismasi."

Mzee Mwinyimadi aliweka ukili chini. Swali hilo alikuwa akilingojea. Yeye alibatizwa uzeeni. Kabla ya hapo, ukoo wao ulikuwa ndio wa kutazama mwezi Marui nzima, baba yake na babu yake, na hakuna Idi iliyosaliwa bila wao kusema tumeuona. Alipohamia kanisani kazi hiyo ilimwachia pengo. Mchungaji hakuwahi hata siku moja kumuuliza habari za mwezi.

"Krismasi ya mwaka jana," alisema, "unakumbuka tulivyorudi nyumbani jioni? Mwezi ulikuwaje?"

"Mpevu, babu. Tulitembea bila taa."

"Mwezi kumi na nne, Mfungo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani. Niliutazama kwa macho yangu haya. Basi na mwaka huu Krismasi ni mwezi kumi na nne, Mfungo Pili. Umesikia?"

"Lakini babu, mchungaji alikuwa anahesabu miezi ya Kizungu."

"Mjukuu wangu, angalia juu. Miezi iko mingapi?"

"Mmoja."

"Mungu aliumba wa Waislamu na wa Wazungu?"

Saburi alikubali, na nadhani hata wewe ungekubali. Hata hivyo, kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa kubwa kwake, alikwenda kuthibitisha kwa wifi yake, Mwanahalima. Huyu alikuwa dada mkubwa wa Mfaume, Mwislamu safi, mwenye ulimi mkali na mkono mpana. Mwanahalima akahesabu kwa vidole kutoka Idi waliyofungulia, akatuma kuuliza msikitini, na jibu likarudi: naam, hesabu ya Mzee Mwinyimadi haina kasoro, Mfungo Pili utaandama siku fulani na kumi na nne yake ni siku fulani. Kijiji kizima kikakubaliana. Nani angebisha?

Basi Krismasi ikafika, Jumamosi moja yenye umande. Saburi aliamka mapema, akaoga, akavaa kanga yake mpya, akaenda kusimama mbele ya mlango wa kanisa. Jua lilipotokeza nyuma ya mikorosho aliimba. Ubeti wa kwanza ulitetemeka. Kwenye wa pili alipunguza mwendo bila kufikiri, kama alivyozoea kumngojea Mfaume arudi njiani, na ghafla akahisi hayuko peke yake. Sijui nikueleze vipi. Hakuona kitu, hakusikia sauti. Ila ule uzito aliokuwa ameubeba kifuani tangu mwezi wa kumi ulitoka, akapumua mpaka chini, akamaliza beti zote saba machozi yakimtiririka na meno yakiwa nje. Furaha tupu. Akajua: Mfaume yu hai, anaimba.

Siku ile alikula sahani mbili. Walichinja mbuzi wa Mzee Mwinyimadi, Mwislamu mmoja akashika kisu ili majirani nao wale, Mwanahalima akaleta sinia la wali wa nazi, na ngoma ikapigwa hadi jioni. Mwezi ulipochomoza mpevu, mzee akaunyooshea fimbo mbele ya watu wote. "Mnauona?" Wakasema wanauona. Hajapata kuwa na siku nzuri kama hiyo maishani mwake.

Wiki moja ikapita. Jumamosi nyingine, mchana, Mwalimu Hemedi akatokea, miguu vumbi hadi magotini, begi begani.

"Hamjambo wapendwa! Nimejitahidi nimewahi. Tujitayarishe, Krismasi ni Jumatano."

Mtoto mmoja alisema kwamba mbuzi walishamla.

Mwalimu Hemedi alifikiri anataniwa. Alipoelezwa, alitoa kijikalenda chake begini, akakifungua magotini, na Mzee Mwinyimadi akasogea akitaka kuonyeshwa ilipochorwa picha ya mwezi. Haikuwapo. Mwalimu akafafanua polepole kwamba miezi kumi na miwili ya angani ni mifupi kuliko mwaka wa Kizungu kwa siku kumi na moja, ndiyo maana Idi za Waislamu hurudi nyuma kila mwaka. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. "Kumbe tumewatangulia Wazungu," alisema, kisha akachukua fimbo yake akaenda zake nyumbani.

Habari zilienea kabla jua halijashuka. Majirani walifurahi kama wameokota. "Tulikuwa tunawaonea huruma nyie wenye sikukuu moja," walisema. "Sisi Idi mbili, na nyinyi sasa Krismasi mbili. Karibuni!" Mwanahalima ndiye aliyekuja na hilo la kwanza, akicheka tangu uani. Alimkuta Saburi ameketi jikoni, moto umezimika, mihogo haijamenywa, macho mekundu. Kicheko kikakatika.

"Wifi, kuna nini? Mtu kafa?"

"Mfaume hakuwa anaimba," alisema Saburi. "Siku ile niliposimama pale, kwake ilikuwa siku ya kawaida tu. Alikuwa anamenya viazi. Au amekufa siku nyingi. Mimi nilisema nimejua yu hai. Nilijua nini? Wifi, pale mlangoni sikuwa peke yangu, nakuapia. Sasa alikuwa nani?"

Alilia kwa hasira. Kilichomuuma zaidi ni kwamba faraja ile ilikuwa tamu mno, na sasa aliona aliila bure, kama mtoto aliyepewa sukari anyamaze. Ikiwa ile ilikuwa ya uongo, basi ipi ni ya kweli? Alifikiri hata zile nyimbo za kina mama wa kinuni, wakati mama yake anaugua. Alifikiri kurudisha ufunguo.

Mwanahalima alivuta kigoda, akachukua kisu, akaanza kumenya mihogo ya watu. Alimenya mitatu kabla ya kusema.

"Mimi mambo ya dini yenu siyajui. Ila Mfaume ni ndugu yangu, tumenyonya ziwa moja. Namwombea mara tano kwa siku na sijawahi kupatana naye saa. Sasa niambie, Mungu hanisikii mpaka Mfaume naye awe anaomba?"

Saburi alijifuta pua kwa pindo la kanga.

"Na hiyo Jumatano utaimba tena au utaendelea kununa?" Mwanahalima aliendelea. "Maana kama hutaimba nimpelekee mzee wako habari, yuko kwake amejifunika shuka, hataki kula. Mkewe Biubwa kanituma niulize kama Wakristo wana adhabu ya mtu aliyeharakisha sikukuu."

Saburi alicheka bila kutaka. Jioni ile ile alikwenda kwa Mzee Mwinyimadi, akamwamkia, akamwambia kwamba kanisa linamhitaji Jumatano kuanza sala, na kwamba hakuna aliyekosea kwa nia mbaya. Mzee alisema chini ya shuka kwamba atafikiri. Jumatano alikuja, amevaa koti.

Krismasi ya pili haikuwa na mbuzi. Mvua za vuli zilizokuwa zimechelewa ziliamua kushuka asubuhi hiyo hiyo, na nusu ya Wakristo walikwenda shamba, maana mvua haijui sikukuu na mpunga haukungoja. Walifika watu tisa, na Mwalimu Hemedi wa kumi. Walikula viazi vitamu. Jua lenyewe halikuonekana, kwa hiyo Saburi alikisia tu, akasimama chini ya upenu maji yakimchuruzika mgongoni, akaimba. Hakuhisi kitu. Kanga ilimgandia mwilini, mbu mmoja alimsumbua sikioni, na kwenye ubeti wa tano alisahau neno. Lakini aliimba yote saba. Alimwambia Mungu waziwazi, kwa Kizaramo ili wasielewane vibaya: Sikusikii leo, ila nilishakusikia, na ahadi ni ahadi. Kisha akaingia ndani kukung'uta maji.

Januari ikapita, na Februari. Alipalilia mpunga. Jumapili alifungua kanisa, akafagia, akaimba. Hofu ilimrudia mara nyingi, tena ile ile ya mwezi wa kumi, lakini haikumwangusha kama kwanza. Ikija, aliimba. Hakungoja siku maalumu wala jua kuchomoza. Aliimba kisimani, aliimba shambani akifukuza nguruwe, mpaka Mwanahalima akalalamika kwamba beti zote saba ameshazijua na zinamtoka mdomoni akitwanga, sasa msikitini atasema nini?

Barua ilifika mwezi wa tatu, imeletwa na tarishi wa jumbe, imekunjwa hadi pembe zimechakaa. Saburi alijua kusoma, polepole, herufi kwa herufi, kama walivyofundishwa darasa la ubatizo. Alimwita wifi yake wakaketi ukumbini. Mwanahalima akamshikia upande mmoja wa karatasi. Mwandiko ulikuwa wa Mfaume, mistari ikipanda kama inataka kutoka nje.

Alikuwa hai. Alikuwa mzima, amenenepa. Yuko mahali asiporuhusiwa kupataja, ila kuna vumbi. Baada ya salamu za watu wote kwa majina, pamoja na mbwa, aliandika hivi, na Saburi akasoma kwa sauti:

"Mama Tatu, nina jambo la kukiri na tangu siku ile sina raha. Siku ya Krismasi sikuimba. Wakubwa walitaka karamu, watu mia mbili, tuliamshwa saa tisa alfajiri. Kuni mbichi. Nyama ngumu. Na pudini, ile keki yao ya Krismasi, ikashika moto, nikawa nahangaika nayo. Nilipokumbuka ahadi yetu jua lilikuwa linazama. Nilikaa nyuma ya jiko nikalia, nikisema mke wangu ameimba peke yake, amejua nimekufa. Hiyo ndiyo siku mbaya kuliko zote nilizoziona jeshini, kuliko hata siku za mizinga. Nisamehe. Sikukuacha peke yako kwa kupenda."

Saburi akaurudia mstari ule, siku ya Krismasi sikuimba, kwa kidole. Mwanahalima alimtazama usoni kwa wasiwasi, asijue kama ni kilio kinachokuja. Kikaja kicheko. Kilianzia tumboni, kikamwinamisha mpaka paji la uso likagusa mkeka, na kila alipojaribu kusema aliishia kwenye "pudini". Mwanahalima naye akashikwa. Tatu alikuja mbio kutoka nje kuwaangalia wakubwa wawili wanavyogaagaa.

Walipotulia, Saburi aliifuta karatasi iliyolowa.

"Hakuwa yeye," alisema. "Wifi, siku zote mbili hakuwa yeye. Ya kwanza hakujua, ya pili alikuwa anazima moto."

"Basi alikuwa nani pale mlangoni?"

"Alikuwa Mwenyewe," alisema Saburi, na furaha ikamjaa kifuani vile vile kama asubuhi ile ya umande, safari hii mchana kweupe, barua mkononi, hakuna aliyeimba. "Alikuja tu. Hakungoja tarehe."

Mwanahalima aliitikia kwa kichwa, akasema kwamba kwa upande wake hilo halimshangazi.

Karatasi ya kujibu aliipata kwa Mwalimu Hemedi, nusu ukurasa. Siku nzima alifikiri aandike nini, maana nafasi ilikuwa ndogo na mambo mengi: mvua, mpunga, meno ya Tatu, Mzee Mwinyimadi ambaye sasa alikuwa anajifunza kalenda ya Kizungu na tayari ameanza kuisahihisha. Mwisho aliyaacha yote hayo kwa barua nyingine. Aliketi kizingitini, akaweka karatasi juu ya ungo, akaandika kwa herufi kubwa ili mpishi asome hata kwenye moshi:

"Baba Tatu, usilie. Mimi mwaka jana niliimba Krismasi mara mbili. Moja ilikuwa yako."